Daraja la Wastaafu Watatu

Mvua kubwa ya mwaka ule iliondoka na daraja asubuhi, wakati wa chai. Winchi alikuwa barazani, amejitanda shali juu ya sweta, aliposikia mngurumo kama wa lori linalomwaga mawe. Akatazama chini korongoni. Maji yalikuwa mekundu, yamevimba, na lile daraja la magogo ambalo watu wa mlimani walilipita tangu zamani lilikuwa linakwenda zake, gogo moja baada ya jingine, kama watu wanaotoka mkutanoni.

"Mume wangu," akaita, "daraja limeondoka."

"Limeaga?" mumewe akajibu kutoka jikoni. Alikuwa fundi cherehani mstaafu, lakini utani hakuustaafu.

Alipotoka na kujionea, utani ukamwisha. Wote wawili walijua maana yake. Ng'ambo ya korongo kulikuwa na nyumba nyingi, na upande huu ndiko iliko shule, zahanati na barabara ya gari. Bila daraja, mtu wa ng'ambo angelazimika kupanda hadi chanzo cha mto, azunguke kule juu kwenye ukungu, ateremke tena. Ni safari ya kuanza alfajiri na kufika jua likiwa utosini. Mjamzito je? Mtoto wa darasa la kwanza je?

Winchi hakumaliza chai yake. Aliingia ndani, akavaa buti, akachukua fimbo yake ya kutembelea, akateremka kwenda kutazama kingo za mto.

Jina la Winchi alilipata chuoni, na wengi waliomwita hivyo walishasahau jina lake la kwenye cheti. Alikuwa msichana peke yake katika darasa la ujenzi la chuo cha ufundi. Wiki za mwanzo wavulana walimkabidhi futi kamba ashike ncha, basi, kama vile kazi ya kupima ilikuwa yao na yeye ni msumari wa kutundikia. Siku moja mashine ya kuchanganyia zege ilikwama kwenye tope nyuma ya karakana. Wavulana waliisukuma mpaka wakachafuka nyuso, haikusogea. Yeye akaenda stoo, akaomba kamba na makapi mawili, yale magurudumu ya kupitishia kamba, akafunga kamba kwenye shina la mti, akaipitisha huku na kule, kisha akavuta taratibu, mguu mmoja ameukaza kwenye jiwe. Mashine ikatoka topeni kama ng'ombe anayetii. Mwalimu wa karakana, mtu asiyecheka hata siku ya mshahara, alitikisa kichwa akamfananisha na mashine ya kuvutia mizigo: "Huyu ni winchi." Jina likaganda.

Ni chuo hicho hicho kilichompeleka milimani kwa mara ya kwanza. Mwaka wa mwisho walipiga kambi kule juu kwa mafunzo ya upimaji. Kundi lake lilikuwa la watu watatu. Mmoja walimwita Nukta, kijana mfupi mwenye mwandiko mdogo hivi kwamba walimu walisahihisha kazi zake kwa miwani miwili, na aliyefanya hesabu kichwani wakati wenzake bado wanatafuta kalamu. Wa pili aliitwa Kesho, jitu la mabega mapana, mwenye mikono ya dhahabu kwenye kuchomelea vyuma, lakini ukimwomba jambo lolote, hata kupitisha chumvi, jibu lake lilikuwa moja. Walilala kwenye hema linalovuja, wakaamka meno yanagongana, wakapima miteremko siku nzima wakiimba ili wapate joto. Siku ya kuondoka, ukungu ulifunguka ghafla, safu nzima ya milima ikajitokeza mbele yao. Winchi alisimama na kifaa cha kupimia begani, akasema, "Mimi nikizeeka nitarudi kukaa hapa." Wenzake wakacheka. Nani huwaza uzee akiwa na umri ule?

Baada ya chuo aliajiriwa ofisi ya ujenzi, na huko akachora madaraja mpaka vidole vikaota sugu. Aliyachora vizuri. Mainjinia walikuwa wakigombania michoro yake. Ila kila ilipofika siku ya kwenda kusimamia kazi yenyewe mtoni, mkuu wake alimwambia kwa upole kabisa, "Wewe mama baki hapa, huko kuna matope na mbu." Akabaki. Akalea watoto, akasomesha, akachora. Alistaafu bila kuwa amesimama hata siku moja kwenye daraja alilolijenga kwa mikono yake. Hakuwa mtu wa kinyongo, lakini jambo hilo lilikuwa limemkaa kama mfupa wa samaki kooni.

Basi alipostaafu alitimiza neno lake. Walijenga nyumba ndogo mlimani yeye na mumewe, ambaye mwanzoni alilalamika kwamba huko hata sindano inatetemeka kwa baridi. Kila alfajiri Winchi alipanda kilimani na kundi la akina mama waliojiita Magoti Mapya. Alivuta maji ya chemchemi kwa bomba hadi zahanati. Alipanda miche kwenye mteremko uliokuwa umechunika. Wenye umri nusu ya wake walimwona akipita na fimbo yake wakajifanya wanafunga kamba za viatu ili wasilazimike kutembea naye.

Aliyekuwa hapendezwi ni binti yake mkubwa, mfamasia wa mjini. Kila wiki alipiga simu. "Mama, hapo mlipo ukianguka, nani atakuokota?" Na kila wiki Winchi alijibu, "Nitajiokota mwenyewe, mwanangu, ndiyo kazi ya mikono."

Siku chache baada ya mafuriko, injinia wa wilaya alikuja. Alikuwa kijana msikivu, mwenye buti zilizochakaa kwa kazi za kweli. Alitazama korongo, akawaeleza wanakijiji ukweli bila kuzungushazungusha: mpango wa mwaka ule ulikuwa umeshajaa, mafuriko yalikuwa yamebeba madaraja sehemu nyingi. "Ila nina nyaya nene za chuma stoo," akasema, "na saruji kidogo. Nikipata mchoro unaosimama, na mtu wa kusimamia, nitawaletea. Nitakuja kukagua mwenyewe."

"Mchoro utaupata," Winchi akasema.

Injinia akamgeukia. Akamwuliza alisoma wapi, alifanya kazi wapi. Aliposikia, macho yalimtoka. "Mama, kumbe ni wewe! Ofisini kwetu bado tunajifunzia michoro yako."

Winchi hakupata usingizi mzuri wiki ile, kwa furaha. Meza ya chakula ikageuka meza ya kuchorea, mumewe akawa anakula sahani ikiwa mapajani. Alipomaliza kuchora daraja la kuning'inia, aliwapigia simu watu wawili.

Nukta, aliyekuwa amestaafu ualimu wa hesabu, alisikiliza, akauliza urefu wa korongo, akapiga hesabu kichwani, kisha akasema, "Nimeshapata uzito. Nakuja."

Kesho, ambaye naye alikuwa amestaafu ajira lakini bado alikuwa na karakana yake ya kuchomelea, alijibu alivyojibu maisha yake yote. "Nitakuja kesho."

"Kesho ya watu au kesho yako ile ya chuoni?"

"Winchi, acha uchokozi."

Na kweli kesho yake, kabla hata Nukta hajashuka kwenye basi, gari la mizigo lilipanda mlima likikoroma, na Kesho ndani yake, mvi kichwa kizima, mashine ya kuchomelea nyuma. Walitazamana yeye na Winchi, wakaanza kucheka kabla ya salamu. Nukta alifika jioni na kofia ya sufu aliyoshushiwa na mkewe mpaka kwenye nyusi, na mfuko wa dawa za presha.

"Shemeji," mume wa Winchi akamwambia, "hilo begi ni la nguo au duka la dawa?"

"Usicheke, shemeji. Ukifika umri wangu utajua."

"Mimi nakuzidi!"

Injinia aliukubali mchoro, akaleta nyaya na saruji, na kazi ikaanza. Watu wa pande zote mbili walijitokeza, wakavunja kokoto, wakabeba mchanga kutoka mtoni kwa ndoo, wakachimba mashimo ya kushikilia nyaya. Ng'ambo waliongozwa na mwenyekiti wa kijiji, mzee mwenye sauti isiyohitaji kipaza. Kesho alitengeneza vibano na nguzo za chuma huku akiwafundisha vijana namna ya kuchomelea bila kuungua. Nukta alikaa kwenye jiwe na kofia yake, anahesabu. Kila asubuhi Winchi alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Mumewe, ambaye alijitangaza mpishi mkuu, aliona namna mkewe anavyoinama kwenye ukingo wa korongo, akarudi nyumbani bila kusema kitu. Alitoa cherehani yake ya zamani, akashona mikanda ya turubai la lori, mshono juu ya mshono, hadi ikawa vazi la kujifunga kifuani na mapajani. "Suruali nimeshona maelfu," alimwambia akimvisha. "Hii ndiyo nguo pekee ninayotaka isipitwe na wakati."

Siku binti yao alipokuja, hakutoa taarifa. Alikuwa ameamua kwamba mazungumzo ya simu yametosha, angekuja mwenyewe, azungumze na wazazi wake ana kwa ana, awachukue. Alikuta nyumba tupu. Alifuata sauti za watu hadi korongoni, na alipofika ukingoni, akasimama ghafla. Katikati ya waya, juu ya mto, kulikuwa na mtu mwenye kofia ya njano, ananing'inia kwa mikanda, anakaza kibano kwa spana.

"Yule ni nani?" akamwuliza mwanamke aliyekuwa anavunja kokoto.

"Yule? Ndiye mkuu wa kazi."

Mtu yule akageuza uso.

"Mama!" binti akapiga ukelele. "Mama, shuka!"

Winchi alimtazama, akapunga spana. "Nikishuka hapa naingia mtoni, mwanangu. Subiri nimalize!"

Watu wakacheka, na binti akakaa chini kwenye nyasi kusubiri. Mama yake alipovutwa hadi ukingoni, amelowa jasho, uso unang'aa kama wa bi harusi, binti alifungua mdomo kuanza kumkaripia. Akabaki kumtazama. Hakuwahi kumwona mama yake hivyo. Alimjua mama wa kurudi kazini jioni na wino vidoleni, mama wa kukagua daftari, mama wa kusema sawa. Huyu hapa, watu walikuwa wanasubiri aseme ndipo wainue nyundo.

"Umekula?" Winchi akamwuliza.

"Nimekuja kuwachukua."

"Haya. Ila kwanza nisaidie, yule pale ameumia kidole."

Binti alifungua mkoba wake, akamfunga kidole yule mtu. Akaja mwingine mwenye malengelenge. Akaja mwingine. Jioni alipiga simu kazini, akaomba ruhusa ya siku mbili. Baadaye akaomba likizo yake yote.

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka nyaya zilipokazwa. Asubuhi moja Winchi alivuka kwa kamba iliyofungwa kwa ajili ya wajenzi kwenda ng'ambo kutazama lile bonge la zege lililoshikilia nyaya. Alikuwa amechora mstari wa chokaa kutoka kwenye zege hadi kwenye mwamba uliolishika. Mstari ulikuwa umekatika. Nusu moja ilikuwa hapa, nusu nyingine imesogea upana wa kidole. Aligonga mwamba kwa nyundo. Ulijibu kwa sauti ya mtungi wenye ufa.

Aliwaita wenzake, wakavuka kwa kamba hiyo hiyo.

Nukta alirudia hesabu yake chini ya kofia. "Hesabu inasema litabeba, Winchi. Watu, mizigo, hata wakipita kwa makundi."

"Hesabu yako imeambiwa huu mwamba ni mzima," Winchi akasema. "Lakini mwamba wenyewe umeoza ndani."

"Umesogea kidogo tu."

"Bila hata mtu mmoja juu yake."

Nukta akatazama ule mstari kwa muda mrefu, akavua kofia. "Kweli," akasema. "Tulegeze."

Kumshawishi Nukta ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kwa watu. Waliposikia kwamba nyaya zitalegezwa, zege liachwe, na shimo jipya lichimbwe juu zaidi kwenye mwamba mgumu, minong'ono ilianza. Walikuwa wamechoka. Mashamba yalikuwa yanawasubiri, na watoto walikuwa wanakosa shule. Mwenyekiti alisema kwa heshima, lakini kwa ile sauti yake: "Mama, sisi hatubishani na elimu. Ila tumefika mlangoni, unatuambia turudi tulikotoka?"

Winchi alipanda juu ya rundo la kokoto. Binti yake alikuwa chini yake na ndoo mkononi, akimtazama.

"Ndugu zangu, hakuna mtu hapa anayetaka daraja hili liishe kuliko mimi. Nimechora madaraja maisha yangu yote, sijawahi kujenga hata moja. Kama ni haraka, haraka ninayo mimi. Nina umri gani?" Watu wakacheka kidogo. "Lakini siku mtoto wenu atakapopita hapa na begi lake mgongoni, nataka niwe nimekaa nyumbani nakula bila wasiwasi. Huu mwamba hautanipa nafasi hiyo. Anayetaka kwenda shamba aende, hatutagombana. Mimi naanza kuchimba."

Akashuka, akachukua sururu.

Kesho alikuwa wa kwanza kumfuata. Mtu mmoja akamchokoza, "Mzee, si ungesema kesho?" Kesho akamjibu bila kugeuka, "Leo ndiyo ile kesho." Mwenyekiti alisimama kidogo, akavua koti, akalitundika kwenye kichaka, akakohoa. "Haya, mnatazama nini?" Wakachimba.

Mwamba wa juu ulikuwa mgumu kweli. Mitaimbo ilipinda, viganja vikatoka ngozi, maneno mengine yaliyotamkwa pale hayafai kuandikwa. Lakini shimo lilipatikana, zege likamwagwa, likaachwa likauke vizuri huku Winchi akilimwagilia maji kama bustani. Kabla hawajakaza tena nyaya, mvua ilirudi. Ilinyesha mchana kutwa, nzito, ya kuziba masikio. Watu walijibanza chini ya paa la shule wakitazama korongo. Ghafla ule mteremko wa ng'ambo, pale penye zege la kwanza, ukatoa mlio kama kitambaa kinachochanwa. Mwamba ukafunguka. Zege lote, bonge lililowatoa jasho, likateremka kama sabuni, likaingia mtoni, maji yakalifunika.

Watu wakainua macho. Kule juu, zege jipya lilikuwa limekaa mahali pake, linachuruzika maji ya mvua tu.

Mwenyekiti alikuja taratibu hadi mbele ya Winchi. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa, akautikisa tena, kisha akaenda kusimama kando na kupangusa uso, ingawa paa lilikuwa halivuji.

Siku ya ukaguzi, injinia wa wilaya alikuja na vijana wake wawili. Walipima, wakagonga, wakatundika magunia ya mchanga katikati ya daraja mpaka mbao zikalalamika. Nyaya hazikutikisika zaidi ya ilivyochorwa. Injinia akasimama katikati, akatazama maji yakipita chini yake, akarudi.

"Nani amesimamia kazi hii?" akauliza, japo alijua, kwa sababu alitaka lisikike.

Winchi alikuwa anatafuta maneno ya kuwataja wenzake, lakini aliyejibu alikuwa binti yake. "Mama yangu," akasema kwa sauti iliyofika ng'ambo. "Na wazee wenzake wa chuo. Na baba yangu alishona mikanda."

"Mikanda, jamani!" baba yake akadakia. "Msisahau mikanda!"

Hotuba zilikuwa zimepangwa, lakini kabla mwenyekiti hajakohoa, bibi mmoja wa ng'ambo mwenye kikapu kichwani aliona watu wamesimama tu, daraja lipo, akaamua kupita. Alivuka polepole, mkono mmoja kwenye waya, hakutazama chini. Alipofika upande huu akawasalimia wote, akauliza kama zahanati imefunguliwa, akaenda zake. Winchi alimtazama mpaka alipopotea kwenye kona ya njia. Nukta na Kesho walikuwa wamesimama kushoto na kulia kwake. Nukta alikuwa anafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Likizo ya binti ilikuwa imebaki siku chache. Suala la kuwachukua wazazi halikutajwa tena, si kwa kuwa mtu alilikataza, ila halikuwa na mahali pa kukaa. Asubuhi moja mama yake alimwamsha, akamrushia buti za ziada.

"Wapi?"

"Ng'ambo. Tangu nihamie hapa nautazama ule mlima wa pili, sikuwahi kuupanda. Nilisema kesho, kesho, mpaka daraja likaondoka."

Walivuka daraja, wakapita nyumba ambazo watu walitoka kuwasalimia, wakaanza kupanda. Njia ilikuwa kali. Kundi la Magoti Mapya lilitangulia likicheka, na mama yake yuko mbele yao wote na fimbo yake. Binti alijikaza, akashika kiuno, akakaa juu ya jiwe kifua kinapanda na kushuka. Mama yake alirudi kumfuata, hajalowa hata shingo.

"Mama, tumefika?"

Winchi alimfuta jasho kwa ncha ya shali, kama alivyokuwa akimfuta alipokuwa mdogo. "Bado kidogo, mwanangu," akasema, akaelekeza fimbo juu, kule ukungu ulikokuwa unaanza kuachia. "Hiki ni kilima tu. Mlima wenyewe ule pale."

Binti akacheka mpaka akakosa pumzi zilizobaki. Kisha akampa mama yake mkono, akainuliwa.